Mlango wa Kabati

Kabati lilikufa mwezi wa saba, miguu imeliwa na mchwa,
nikamkataza Zihindula asiuchome mlango.
Tuliuegemeza ukutani, kati ya dirisha na pasi ya makaa,
na Nsimire, aliyesoma Bagira mpaka minervali ikamshinda,
akauchora mistari mitatu kwa chaki ya kukatia.
Vyumba vinne:
INANGOJA. INAKATWA. INASHONWA. IMEKWISHA.
"Kila nguo," akasema, "kipande chake, pini yake."

Nilicheka. Miaka kumi na tisa hapa Kadutu
nguo za watu zimekaa ndani ya magunia na ndani ya kichwa changu,
na kichwa hakijapoteza hata moja.
Haya, kilipoteza koti la mwalimu wa Cimpunda,
tulilikuta chini ya meza, paka amezalia humo.

Lakini masomo yalikuwa yanakaribia,
mashati meupe, sketi za buluu, kaptula za buluu,
wazazi wanapanda kilima wakihema, risiti mkononi:
"Mama Mugoli, ya kwangu imefika wapi?"
Nami, kwa ulimi laini kama bitana:
"Iko kwenye mashini."
Zote zilikuwa kwenye mashini.
Mashini ni mbili.

Nsimire akaweka sheria, mtoto wa juzi, sheria!
Kwenye INASHONWA pini tatu, si nne.
Ya nne ikitaka kuingia, moja itoke kwanza.
"Na umeme ukikatika?"
"Tatu."
"Na mke wa chifu wa avenyu akija?"
"Tatu, mama."

Siku ya kwanza tulikaa tukitazamana,
Bisimwa mikono mapajani, mguu juu ya pedali iliyolala,
nami nawaza: huu ni uvivu, umechorewa tu mistari.

Siku ya tatu mvua ilipiga mabati.
Mtaro ukafurika, ukaingia kwa muuza sambaza,
wanaume wakailaumu mvua, wakawalaumu wanaokaa juu,
mpaka mtoto mmoja akazamisha mkono hadi begani
akatoa chupa moja ya plastiki.
Maji yakashuka yenyewe, bila hotuba.

Nikageuka kuutazama mlango.
Pini tatu, zile zile tangu Jumatatu.
Mashati matatu yana mikono, yana mifuko,
hayana kola.
Kola nashona mimi.
Tangu nifungue hapa hakuna mkono mwingine uliogusa kola,
na Bisimwa nimemwita konokono mbele ya wateja.

Sikusema kitu.
Nilimpa Bisimwa mkasi wangu mdogo,
ule wenye kishikio kilichofungwa uzi mwekundu.
Kola yake ya kwanza ilipinda kama mdomo ulioonja shubiri.
Ya sita sikujua kama ni yake au yangu,
na hilo liliniuma kidogo.

Siku hizi nikiulizwa sidanganyi, nanyoosha kidole:
"Kile chenye doa la chai, ndicho chako. Kesho kinavuka."
Kuna mzee anayekuja kuutazama tu,
hana nguo hapa,
anasema anapenda kuona kitu kinachosogea.

Ila iko kaptula moja, kiuno sentimita hamsini na mbili,
jina kwenye karatasi: Aganze, mtoto wa yule muuza makaa.
Imekwisha. Imepigwa pasi mara mbili.
Wengine wanasema walihama usiku, wamefika Uvira,
wengine wanasema Minova, wengine wananyamaza.
Nsimire anasema kilichokwisha hutolewa, mlango upumue.

Nilimwomba chaki.
Nikachora mstari wa nne, mwembamba, karibu na bawaba,
chumba ambacho sijakipa jina.
Pini yake haihesabiwi.